Je, Wajua? Sauti ya Ultrasaundi Hupimwa kwa Mizani

Je, wajua kuwa sauti husukuma? Probu, ile sehemu ya mashine ya ultrasaundi inayopitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli, hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye mara 20,000. Ili kujua nguvu ya probu, fundi huitumbukiza katika maji na kuielekeza kwenye kipande cha mpira kinachomeza sauti, kilichounganishwa na mizani. Mizani husoma msukumo.

Je, wajua msukumo huo ni mdogo kiasi gani? Wati moja ya sauti husukuma kwa takriban miligramu 69, uzito unaokaribia ule wa punje moja ya ndengu, zao maarufu la Kitui na Makueni nchini Kenya. Skani ya mjamzito mara nyingi hutumia nguvu ndogo zaidi: miliwati 100 ni miligramu 7 tu. Hata upepo wa feni waweza kuharibu kipimo.

Je, wajua kuwa jua la Kitui huingia kwenye hesabu? Katika maji yenye nyuzi 20, sauti husafiri mita 1,482 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 30, mita 1,509. Kadiri sauti inavyokwenda kasi, ndivyo msukumo wa nguvu ileile unavyopungua, hapa kwa karibu asilimia 2. Kwa hiyo anayepima Kitui alasiri sharti apime joto la maji kwanza.

Je, wajua kuwa maji ya bomba hayafai hivyohivyo? Yana hewa, na viputo hutawanya sauti. Dawa yake ni kuyachemsha, kisha kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, bila kuyatikisa.

Je, wajua kuwa mashine ya fiziotherapia huishinda ya picha kwa nguvu? Yaweza kufikisha wati 3 kwa kila sentimita mraba, maana kazi yake ni kupasha misuli joto. Ikipoteza nguvu, mgonjwa hatibiwi, ikizidisha, humchoma.

Je, wajua kuwa mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodi vifaa, ultrasaundi zikiwemo, kwa hospitali mbili za kila kaunti? Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kila mjamzito apigwe skani moja kabla ya wiki ya 24.

Je, wajua maana ya herufi TI kwenye kioo cha mashine? Ni makadirio ya joto ambalo sauti inaweza kuongeza mwilini, na hutokana na vipimo vilevile vya majini. Chama cha ultrasaundi cha Uingereza, BMUS, hushauri kwamba TI ikiwa kati ya 1 na 1.5, skani ya mjamzito isizidi dakika 30. Ikipita 3, isifanywe.