Muscat: Kiswahili Sokoni, Bataka Mfukoni

Siku ya nne tangu nifike Muscat nilikuwa napita katika vichochoro vya soko la Muttrah, simu sikioni, nikimhadithia mdogo wangu aliyeko Unguja namna joto lilivyonipokea. Bibi mmoja aliyekuwa akichagua ubani akasimama, akanitazama, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Wewe mtoto wa wapi?" Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia wa Kikwajuni. Akaitikia marahaba, na hapo hapo akaanza kuniulizia nyumba ya shangazi yake iliyokuwa Michenzani. Nyumba ile haipo. Michenzani ya leo ni yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Tukaagana kwa dua, yeye akaingia katika gari la mwanawe, mimi nikaenda kungoja basi.

Nilikaa mji ule miaka mitatu, na kila nikiulizwa Muscat kukoje, jibu langu linaanzia pale sokoni. Mswahili akifika Uingereza au Marekani anajua tangu uwanja wa ndege kwamba amekuwa mgeni. Muscat hakukwambii mapema. Unasikia lugha yako, unaona halua, mandazi na mishkaki, unaona kofia zilizodariziwa ambazo wao wanaziita kumma na ambazo zinafanana na za kwetu kama ndugu wa baba mmoja. Moyo unatulia. Kisha unaitwa ofisini kuchukua bataka, yaani kitambulisho cha mkaazi, na hapo ndipo unapojua umekaa upande gani wa mlango.

Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba. Umebanwa baina ya bahari na milima ya Hajar, milima mikavu yenye rangi ya kahawa, isiyo na mti. Mtaa mmoja na mwingine hutenganishwa na mlima, na kinachoiunganisha ni Barabara ya Sultan Qaboos. Muscat ya kale, penye kasri la Al Alam, ni pahali padogo penye ngome mbili za Kireno, Al Jalali na Al Mirani. Mtu wa Mombasa akizitazama ataikumbuka Fort Jesus, na hakosei: Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Mombasa. Muttrah ndiyo bandari na soko. Ruwi ni mtaa wa biashara, na jioni utasikia Kihindi, Kibengali na Kimalayalam zaidi kuliko Kiarabu. Magharibi kuna Al Khuwair, Ghubrah na Seeb, ambako mji unaendelea kunyooka kila mwaka.

Majengo ni meupe au rangi ya mchanga, na mengi ni mafupi. Hakuna minara ya vioo kama ya Dubai. Manispaa inakataza hata kuanika nguo kwenye roshani inayoonekana barabarani. Usafi ule unapendeza sana, na mimi nilijivunia kuishi ndani yake, ingawa jirani yangu, muuguzi kutoka Mombasa, alikuwa akisema mji usio na kamba ya nguo hauna watoto. Alikuwa ameacha wawili nyumbani.

Habari ya Kiswahili cha Muscat inahitaji maelezo, maana vijana wetu wengi hawaijui. Mtawala wa Oman, Sayyid Said bin Sultan, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na kwa vizazi kadhaa watu walikwenda na kurudi kwa majahazi kufuata pepo za msimu. Baada ya 1964 wengi wenye asili ya Oman walikimbia Zanzibar. Oman yenyewe wakati huo ilikuwa maskini na imefungwa. Chini ya Sultan Said bin Taimur malango ya Muscat yalikuwa yakifungwa usiku, na aliyetembea kwenye giza alitakiwa kubeba taa. Shule za kisasa zilikuwa tatu, na barabara ya lami haikuzidi kilomita 10 hivi. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos, alishika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga. Waliotoka Zanzibar na Bara walirudi na Kiingereza, ualimu, uuguzi, ukarani na uhandisi. Wizara, polisi na kampuni ya mafuta viliwahitaji sana.

Wazee hawa ndio walionifundisha zaidi kuhusu ugeni kuliko wageni wenzangu. Walirudi kwao, na kwao wakaitwa Wazinjibari. Kiarabu chao kilichekwa. Walioondoka Unguja kwa kuambiwa ni Waarabu walifika Oman wakaambiwa ni Waafrika. Mzee mmoja, aliyenikaribisha kahawa Ijumaa nyingi, alikuwa na uraia, nyumba, pensheni na wajukuu wasiojua Kiswahili isipokuwa matusi na majina ya vyakula. Alikuwa akisikiliza matangazo ya Zanzibar kila asubuhi. Niliwahi kumuuliza kwao ni wapi. Akaniambia nimimine kahawa. Sikumuuliza tena.

Sasa tuje kwa sisi tuliokwenda juzi. Oman ina watu zaidi ya milioni 5, na katika kila 10, wanne au zaidi ni wageni. Wengi wametoka India, Bangladesh na Pakistan. Waafrika Mashariki ni wachache: wauguzi, walimu, walinzi, wauza vipuri, wasichana wa kazi za nyumbani. Riali moja ina baiza 1,000, na thamani yake imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986: inapita kidogo dola mbili na nusu. Ukiigeuza kuwa shilingi za Tanzania unapata zaidi ya 6,000. Hesabu hiyo kila mgeni huifanya usiku wa mwanzo, na ndiyo inayomponza, kwa sababu kodi ya chumba, nauli na chakula vinalipwa kwa riali hiyo hiyo. Mshahara hadi sasa haukatwi kodi. Sheria ya kodi ya mapato iliyotoka 2025 itaanza kutumika 2028, tena kwa wenye kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, na mimi sikumjua Mswahili hata mmoja mwenye kipato hicho.

Basi mtu akibana matumizi anajenga. Nimeona nyumba Bububu na Tanga zilizosimama kwa riali za Muscat. Usalama nao ni wa kweli. Nilikuwa narudi na dada zetu wauguzi saa sita ya usiku kwa miguu na hatukuwahi kutazama nyuma. Foleni inaheshimiwa. Mfanyakazi wa ofisi hakwambii njoo kesho kwa sababu hajisikii. Haya si madogo kwa mtu aliyezoea kuhangaishwa kwao, na wanaoyadharau ni wale ambao hawajawahi kuyakosa.

Joto ndilo linalovunja moyo. Kuanzia Mei hadi Septemba mchana unaweza kupita nyuzi 40, na usiku haupozi. Mwezi Juni 2018 huko Qurayyat, kusini mashariki ya Muscat, usiku mzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana miezi ya Juni, Julai na Agosti, na bado wajenzi wanaanguka. Kwa sisi wa ofisini ubaya wake ni mwingine: joto linaua baraza. Watu wanahama kutoka kiyoyozi cha nyumbani kwenda cha gari, cha kazini, cha dukani. Unaweza kukaa miezi minne usijue jirani wa mlango wa pili anaitwaje. Mtu aliyekulia kwenye vibaraza vya Ng'ambo hulisikia hilo kama njaa. Novemba ikiingia mji hufufuka, watu hutandika mikeka ufukweni Qurum, moshi wa mishkaki hupanda, na unajiuliza ulikuwa unalalamikia nini.

Lakini Novemba haibadilishi bataka. Mgeni hukaa Oman kwa kazi yake, na kazi yake ina kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Mkataba ukikatika, ukaazi nao unakatika. Tangu Januari 2021 mtu aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya wa kwanza, na hilo limewapunguzia wengi pingu. Hata hivyo mazoea hayafi kwa tangazo. Pasi yangu mwenyewe ilikaa katika kabati la mwajiri miezi minne, ingawa kuishika pasi ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, na nilipoiomba niliulizwa kama nataka kutoroka. Kazi zinazotengwa kwa raia zinaongezeka pia, na siwalaumu, kwani vijana wao wanazihitaji. Udereva wa teksi, kwa mfano, ni wa raia peke yao. Ndiyo maana ukipanda teksi ukamsikia dereva anaongea Kiswahili safi, ujue huyo ni mwenyeji, na wewe uliye nyuma ndiye mgeni.

Walio pabaya zaidi ni wasichana wa kazi za nyumbani. Sheria mpya ya kazi ya 2023, ambayo kwa mambo mengi ni nzuri na imetoa likizo ya uzazi ya siku 98, haikuwaingiza wao. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirati, na iliyaeleza mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyasikia kila Ijumaa: saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kuzuiliwa, pasi na simu kuchukuliwa. Nimewajua waliopata nyumba za heri, wakapewa nauli ya kwenda kumuuguza mama na wakarudi kwa hiari. Nimemjua pia binti wa miaka ishirini na mbili ambaye katika mwaka mzima aliiona bahari mara moja, kupitia kioo cha gari. Tofauti yao ilikuwa bahati ya mlango waliopelekwa, na jambo kama hilo halifai kuachiwa bahati.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Muscat ni mji wa heshima kufanyia kazi, na Mswahili hatapata mji mwingine ng'ambo unaomkaribia kiasi kile. Ukaribu huo usimfanye akadhani amefika kwao. Uraia unadai miaka mingi ya kukaa mfululizo na Kiarabu cha kusoma na kuandika, na wanaoupata ni wachache.

Kama una mwana au dada anayejiandaa kwenda, hakikisha mkataba ameusoma kwa lugha anayoielewa kabla hajapanda ndege, na nakala yake pamoja na ya pasi zibaki nyumbani. Ubalozi wa Tanzania upo Muscat, na wa Kenya pia. Namba ya ubalozi wake aiandike kwenye karatasi aishone ndani ya nguo, maana katika nyumba mbaya simu ndiyo huchukuliwa mwanzo.