Meza kubwa, atelye ndogo: namna hewa inavyobana plakaje

Fundi mwenye atelye ndogo akipata komande ya meza ya mita 2 kwa 1, shida iko katikati. Plakaje, ile ngozi nyembamba ya mbao nzuri inayobandikwa juu ya tripleksi, inashikwa na vibano kandokando tu. Katikati havifiki. Kole ikikauka, mapovu yanatokea, na mteja anarudisha meza na kudai makuta yake.

Mashine kubwa ya kukandamiza ina bei kali. Lakini kuna njia nyingine: mfuko wa plastiki nzito na pompe ya kunyonya hewa.

Nguvu inatoka wapi?

Pompe haikandamizi kitu. Inatoa hewa ndani ya mfuko, halafu hewa ya inje ndiyo inabana meza sawasawa kila mahali. Kwenye usawa wa bahari, hewa inakandamiza kila mita mraba kwa uzito wa karibu tani 10.

Juu ya nini Goma si sawa na Uvira?

Kadiri unavyopanda, hewa inapungua. Uvira inabaki zaidi ya tani 9. Goma na Bukavu, karibu mita 1.500 juu, ni kama tani 8 na nusu. Kwa hiyo sindano ya pompe haiwezi kupita karibu bar 0,84 huko, hata pompe ikiwa mupya. Fundi asidhani imekufa. Bar 0,7 inatosha: meza ile ya mita 2 kwa 1 inabanwa na tani 14 hivi.

Kazi yenyewe

Chini ya meza kunawekwa ubao wenye mifereji midogo, ili hewa ipate njia ya kutoka. Kona zake zinapigwa msasa zikuwe za mviringo, zisitoboe mfuko. Kole inapakwa juu ya tripleksi, si juu ya plakaje, maana plakaje ikilowa inajikunja. Juu yake inawekwa plastiki nyepesi, kole isishikane na mfuko.

Tripleksi inabandikwa pande zote mbili. Upande mmoja tu, meza itapinda.

Ndani ya mfuko maji ya kole hayana pa kwenda, basi inakauka polepole kuliko inje. Muda ulioandikwa kwenye kopo uongezwe. Na kitu chenye uwazi ndani, kama kabati, kisiingizwe: hewa itakivunja.

Umeme ukikatika?

Hapo ndipo kazi inaweza kupotea. Dawa ni klape inayofunga hewa isirudi, na kujaribu mfuko mtupu mbele ya kupaka kole: pompe inazimwa, sindano inaangaliwa nusu saa. Ikishuka mbio, kuna tundu. Ni afazali kulitafuta wakati huo, kuliko kole ikiwa imeshapakwa.