Kingamwili: Mpelelezi wa Maabara

Ndugu msomaji, bila shaka unalikumbuka lile jaribio la wanga. Unadondoshea kipande cha kiazi ayodini, mara kinageuka rangi, karibu kiwe cheusi. Basi unajua wanga umo. Je, mwanasayansi akitafuta protini fulani ndani ya msuli au ubongo atatumia nini? Hutumia kingamwili.

Leo nitaeleza protini za milango ya kalsiamu. Wengi wetu hudhani kalsiamu ni ya mifupa na meno tu. Kumbe sivyo! Mwaka wa 1883, Sydney Ringer wa London alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini hauendelei kupiga vizuri katika maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu. Kalsiamu huingia katika seli kupitia milango midogo ya protini. Moyoni, huufanya moyo ujikunje. Ubongoni, huiwezesha seli moja ya neva kuipasha nyingine habari. Milango hii ni ya ukoo mmoja, lakini ya misuli ni mbali na ya ubongo ni mbali.

Sasa, kingamwili hupatikanaje? Hizi ni askari wa mwili, na kila moja humshika adui wake. Wanasayansi huunda kipande kidogo cha protini ya mlango, kile ambacho milango mingine ya ukoo huo haina, kisha humdunga sungura. Mwili wake hukiona ni kitu kigeni na kutengeneza kingamwili. Baada ya majuma kadhaa hutolewa damu, kingamwili zikatengwa. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutumia seli za panya kutengeneza kingamwili za aina moja tu bila kikomo. Walipata Tuzo la Nobel mwaka wa 1984.

Kingamwili hizo humiminwa juu ya kipande chembamba cha msuli au ubongo. Zisizonasa huoshwa. Kisha hutiwa kingamwili za pili, zenye rangi ing'aayo, nazo hushika zile za kwanza. Tazama kwa hadubini: palipo na mlango panang'aa!

Lakini tahadhari! Kingamwili nyingine hunasa pasipostahili. Ndiyo maana hujaribiwa pia kwa panya asiye na jeni ya mlango huo. Pakingʼaa hata hapo, hiyo ni shahidi wa uongo. Ni kama kidhibiti katika majaribio yetu; wenzangu, tusikiruke!

Haya si mambo ya vitabuni tu. Mwaka wa 1956, Lambert, Eaton na Rooke, wa Marekani, walieleza ugonjwa unaolegeza miguu. Baadaye ikajulikana kwamba mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili zinazoshambulia milango ya kalsiamu kwenye ncha za neva zake. Daktari akizipata katika damu, hutafuta pia saratani ya mapafu, kwa kuwa mara nyingi huambatana nao. Kuzipata mapema kwaweza kuokoa maisha.

Wahenga walinena: usiandikie mate na wino upo.