Nani ni shomeri kwetu?

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza: "Katika lupango yenu mashomeri ni wangapi?", utajibu nini? Usijibu mbio. Tuhesabu kwanza pamoja.

Tuseme katika lupango moja ya Kolwezi kuko vijana watatu wa mama mmoja. Wa kwanza ni fundi wa umeme, ana diploma. Wiki hii alibeba mifuko ya madini siku moja tu, akapata pesa ya unga. Dada yake anauza makala mbele ya nyumba, saa chache kila asubuhi. Mdogo wao alipeleka barua za kuomba kazi miaka mitatu, akachoka. Sasa anakaa tu. Mama analia: "Batoto yangu bote batatu habana kazi!"

Lakini wenye kuhesabu wanafuata kanuni ya Shirika la Kimataifa la Kazi. Kanuni hiyo inasema: shomeri ni mtu asiye na kazi, anayetafuta kazi, na aliye tayari kuianza. Aliyetumika hata saa moja katika wiki ili apate malipo anaandikwa kuwa ana kazi. Basi fundi wetu ana kazi. Dada pia. Na mdogo? Hana kazi, lakini hatafuti tena. Naye anawekwa pembeni. Mashomeri katika lupango hii: sifuri!

Je, wenye kuhesabu ni waongo? Hapana. Walitaka nchi zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Kule ambako serikali inamlipa asiye na kazi, mtu anaweza kukaa na kutafuta. Kwetu anayekaa hali. Kwa hiyo kila mtu anashika chochote. Njo vile hesabu ya mashomeri inaweza kuwa ndogo, na njaa ikawa kubwa.

Zamani za Wabelgiji shida ilikuwa nyingine. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikosa watu. Iliwatafuta hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Ruanda-Urundi. Ili wasitoroke, katika miaka ya 1920 ikaanza kuwajengea kambi za familia, na hospitali, na masomo. Haikuwa mapendo, watu walikuwa haba. Gécamines ilirithi desturi hiyo. Lakini shaba yake ilishuka: zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, chini ya 50,000 mwaka 1994. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa mapenzi. Baba wengine na watoto wao wakashika beleshi na kushuka mashimoni. Hesabu inasema wanatumika. Ndiyo, lakini bila kofia ya chuma, bila daktari, bila pesa ya uzee.

Kwa hiyo ukisikia hesabu ya mashomeri redioni, uliza maswali matatu. Wenye kazi wanatumika saa ngapi? Mshahara unafika mwisho wa mwezi? Mtu akiumia, nani analipa dawa?

Na wewe baba, mtoto akirudi jioni mikono mitupu, usimuite mvivu mbele ya wadogo wake. Muulize: "Leo ulipita wapi?" Pengine alitumika mchana wote, na hakuna aliyemlipa.