RDC: Parechoki, potibagaji na taa za ledi, pikipiki ya safari inapata nini na inapoteza nini?

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, pikipiki chache hubaki namna zilivyotoka kiwandani. Mara tu baada ya kununuliwa, moto hupelekwa kwa fundi wa vyuma. Parechoki inafungwa mbele ya injini, potibagaji inawekwa nyuma, kiti kinarefushwa, na taa mbili za ledi zinaning'inizwa chini ya gido. Kwa motari anayezunguka mjini, mengi ya hayo ni mapambo. Kwa yule anayetoka Butembo kwenda Beni, Komanda na Mambasa, ao anayeshuka kutoka Bukavu kuelekea Uvira, ni vyombo vya kazi.

Lakini kila kitu kinachoongezwa kwenye pikipiki kinalipwa mahali pengine: kwenye breki, mipira, amortisa ao bateri. Motari asiyefanya hesabu hiyo kabla ya kwenda kwa fundi ataifanya barabarani, akiwa na abiria mgongoni.

Wateja walitangulia, kiwanda kikafuata

Kuandaa pikipiki kwa safari ndefu hakukuanzia Congo. Mwaka 1975, kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza Gold Wing GL1000, pikipiki kubwa yenye silinda 4 na injini ya cc 999. Ilikuwa na nguvu ya kwenda mbali, lakini ilitoka bila kioo cha kuzuia upepo na bila masanduku ya mizigo. Wanunuzi wa Marekani, wenye kusafiri maelfu ya kilomita, walijiongezea vitu hivyo wenyewe. Wengi walifunga kinga ya mbele iliyoitwa Windjammer, kazi ya mbunifu Craig Vetter, ambaye kampuni yake ilikuwa katika mji wa Rantoul, jimbo la Illinois.

Mwaka 1980 Honda ilitoa Gold Wing Interstate, ya injini GL1100, ikiwa tayari na kinga ya upepo na masanduku kutoka kiwandani. Kile ambacho wateja walikuwa wakifunga kwao nyumbani kilikuwa sasa sehemu ya pikipiki. Gold Wing ya leo ina silinda 6 na injini ya cc 1,833, na ile ya safari, yaani Tour, ina uzito wa zaidi ya kilo 360.

Mafundi wa Goma, Butembo, Bunia na Bukavu wanafanya kazi ya aina ileile, lakini kwa mashine tofauti kabisa. Pikipiki zinazobeba watu na mizigo huku, kama vile TVS, Bajaj Boxer na Haojue, nyingi zina injini ya cc 100 hadi 150 na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Kilo 30 za chuma kwenye Gold Wing ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Kwenye Boxer, kilo hizohizo zinakaribia robo ya pikipiki nzima, hata kabla ya dereva kupanda.

Parechoki: kinga ya miguu, hatari kwa fremu

Parechoki ndiyo kitu cha kwanza ambacho wamotari wengi hununua, na wana sababu nzuri. Pikipiki ikianguka kwa upande kwenye matope ao kwenye mawe ya volkano ya Goma, chuma hicho kinapokea pigo kabla ya mguu na injini. Kinaokoa pia pedali ya breki na ile ya kubadilisha vitesi, ambazo zikipinda katikati ya pori zinaweza kusimamisha safari.

Jambo la kuangalia ni namna kinavyofungwa. Parechoki iliyoshikwa kwa buloni kwenye matundu ambayo kiwanda kiliacha ni bora kuliko ile iliyochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu pembeni ya kiungo, na nyufa huanzia pale baada ya kutikisika muda mrefu. Kama hakuna njia nyingine, bateri lazima itolewe kwanza, na tanki la esansi liondolewe kabisa mahali pa kazi. Tanki tupu lina hatari pia, kwa kuwa mvuke wa esansi unabaki ndani.

Upana nao una maana. Parechoki inayopita ncha za gido inagonga watembea kwa miguu sokoni na kunasa magari kwenye njia nyembamba. Mzigo unaofungwa juu yake unaweza pia kuzuia hewa inayopaswa kupoza injini.

Mzigo wa nyuma unanyanyua gurudumu la mbele

Potibagaji ndefu inapendwa kwa sababu inaacha kiti kwa abiria. Shida ni kwamba mzigo unakaa nyuma ya mahali gurudumu la nyuma linapogusa chini, na hapo pikipiki inakuwa kama mizani.

Mfano: umbali kati ya magurudumu mawili ni sentimita 125 hivi. Mzigo wa kilo 40 ukiwekwa sentimita 50 nyuma ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 16, na lile la nyuma linabeba kilo 56. Kwenye mlima, gido inakuwa nyepesi na pikipiki haifuati tena mahali dereva anapoielekeza. Kwenye matope, gurudumu la mbele linateleza kabla dereva hajasikia kitu.

Dawa yake haina bei. Mizigo mizito ikae chini na karibu na dereva, ile myepesi ndiyo ipande juu na nyuma. Bidoni mbili zikifungwa pande mbili za gurudumu la nyuma zisumbue kidogo kuliko gunia moja lililo juu ya potibagaji, mradi ziwe na uzito sawa. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa esansi ina karibu kilo 15. Kufunga maji upande mmoja na esansi upande mwingine ni kuanza safari pikipiki ikiwa imeegemea. Na bidoni ya esansi haipaswi kukaa karibu na bomba la moshi.

Kamba za mpira zinazokatwa kutoka mipira ya ndani iliyochakaa zinafaa sana kwa kufunga, lakini zinavutika. Baada ya kilomita chache za kwanza, ni vizuri kusimama na kukaza upya. Ncha inayoning'inia ikiingia kwenye sheni ao kwenye gurudumu, inaweza kufunga gurudumu ghafla.

Amortisa, mipira na sheni

Ili kubeba zaidi, kuna wanaofunga amortisa ngumu nyuma, ao kuongeza ya pili kila upande. Pikipiki haishuki tena chini ikiwa na mzigo. Lakini ikiwa tupu inaruka kwenye kila shimo, na gurudumu linaloruka halishiki barabara wala halifungi breki. Amortisa zenye kurekebishwa ugumu zinatosha mara nyingi: zinakazwa wakati wa mzigo na kulegezwa wakati wa kurudi.

Mipira yenye meno makubwa inasaidia kwenye udongo wa barabara ya kitaifa nambari 4 wakati wa mvua. Kwenye lami yenye maji, meno hayohayo yanagusa eneo dogo na pikipiki inateleza kirahisi. Anayepita njia zote mbili anahitaji mpira wa kati, na upepo unaolingana na mzigo. Kipimo cha upepo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye karatasi iliyobandikwa na kiwanda. Kinapimwa asubuhi, mpira ukiwa baridi.

Kwa milima, wamotari wengine hubadilisha pinyo, gurudumu dogo lenye meno linalovuta sheni. Kutoka meno 14 kwenda 13 kunaongeza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 8. Mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita. Kwa anayebeba mzigo kwenye vilima vya Lubero, ni badiliko lenye faida kuliko mapambo mengi ya bei kubwa.

Breki ndizo hazibadilishwi mara nyingi, wakati ndizo zinazoongezewa kazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Anayetoka Bukavu hadi Uvira anashuka karibu mita 700, akipita mteremko wa Ngomo. Breki za ngoma zikishikwa muda mrefu kwenye mteremko wa namna hiyo zinapata joto na kupoteza nguvu. Ndiyo maana madereva wazoefu wanashuka kwa vitesi vidogo, wakiiacha injini ishike uzito, na breki wanazitunza kwa ajili ya kona.

Taa nyingi, umeme kidogo

Bateri ya pikipiki hizi ni ya volti 12. Taa mbili za ledi za wati 20 kila moja zinakula wati 40, yaani zaidi ya ampea 3. Zikiongezwa redio, chaja ya simu na klaksoni kubwa, umeme unaotengenezwa na injini ndogo hauenei tena, hasa ikizunguka polepole kwenye matope. Bateri inaisha taratibu, na motari anagundua asubuhi kwamba moto haiwaki.

Kila kitu kilichoongezwa kinahitaji fyuzi yake karibu na bateri. Taa kubwa zinahitaji pia rele, ili mkondo wote usipite kwenye kibonyezo kidogo cha gido. Waya unaofungwa kwa utepe tu na kupita chini ya tanki hujichubua kwenye chuma, na palipo na esansi, cheche moja inatosha.

Taa ya ledi inapaswa kuelekezwa chini, kwenye barabara. Ikielekezwa machoni mwa anayekuja, dereva huyo haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inapita karibu mita 17 kila sekunde.

Abiria anasahauliwa

Vitu vinavyomlinda abiria ni vya bei ndogo, lakini mara nyingi vinakuja mwisho. Kinga ya bomba la moshi inazuia ndama ya mguu kuungua, jeraha ambalo abiria wengi wanalifahamu. Kwa kuwa bomba la pikipiki hizi liko upande wa kuume, kupanda kwa upande wa kushoto kunapunguza hatari hiyo. Mahali imara pa kuweka miguu na chuma cha kushika nyuma vinamzuia abiria kuvuta nguo ya dereva kila breki inaposhikwa.

Kaske ya pili ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeeleza kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 40. Inafanya kazi hiyo ikiwa imefungwa chini ya kidevu, siyo ikiwa imening'inizwa kwenye gido kwa ajili ya kumwonyesha polisi wa barabarani.

Nani analipa?

Wamotari wengi si wenye pikipiki. Wanatoa vesoma kwa mwenye moto kila siku ao kila wiki, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Motari anayenunua parechoki na taa kwa pesa yake anaziacha kwenye mali ya mtu mwingine, na mwenye moto akiichukua, vitu hivyo vinaondoka nayo. Ndiyo sababu baadhi huchagua vinavyoonekana na kuvuta wateja, na kuahirisha mipira ao breki.

Makubaliano kabla ya kazi yanapunguza ugomvi huo: mwenye moto alipe kile kinachoshika usalama wa mashine, yaani mipira, breki, sheni na amortisa, motari alipe kile anachoweza kufungua na kuondoka nacho, kama taa, kinga ya mikono na kishikio cha simu. Vitu vya buloni vinarahisisha hesabu hiyo. Kilichochomelewa hakigawanyiki.

Kwa mwenye pesa kidogo, utaratibu ni wazi: breki na mipira kwanza, kaske ya abiria pili, kisha parechoki na potibagaji fupi, na mwishoni taa za ziada. Baada ya kila kitu kipya, safari fupi ya majaribio na mzigo kamili inaonyesha kama pikipiki bado inasimama na kugeuka namna dereva anavyotaka.

Ikumbukwe kwamba sheria ya barabara ya Congo, nambari 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ilitoka miaka mingi kabla taksi-moto hazijawa usafiri wa kila siku wa wakaaji wa mashariki.