Je, Wajua? Kabichi ya Kilo 62 na Boga la Zaidi ya Tani

Je, wajua kwamba kabichi nzito kuliko zote zilizowahi kupimwa ilitoka Alaska, jimbo la Marekani linalosifika kwa theluji? Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya kilimo mjini Palmer, Scott Robb alipandisha kwenye mizani kabichi ya kilo 62.7. Siri kubwa ni jua. Msimu wa kilimo kule ni mfupi, lakini katikati ya kiangazi mwanga wa jua hufikia karibu saa 20 kwa siku, na kabichi hujitengenezea chakula karibu usiku na mchana. Sisi tulio jirani na ikweta tunapata saa 12 hivi, iwe Januari au Juni. Mwaga samadi utakavyo, jua halikuongezei saa.

Mashindano ya kabichi huko yalianza 1941, mkuu wa reli ya Alaska alipoahidi dola 25 kwa atakayeleta kabichi kubwa kuliko zote.

Kwa maboga, jambo kubwa ni ukoo wa mbegu. Karibu kila boga la mashindano ni la jamii ya Atlantic Giant, mbegu iliyoboreshwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada. Boga lake la 1981 lilikuwa na kilo 224 hivi, rekodi ya dunia wakati huo. Oktoba 2025 mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima lao: kilo 1,278.8. Toyota Vitz tupu haifiki hapo.

Linalelewaje? Ua huchavushwa kwa mkono, kisha vitoto vyote vya boga hung'olewa na kuachwa kimoja tu, ili sukari yote ya majani iishie kwake. Mashina yanayotambaa hufukiwa udongo kwenye vifundo ili yatoe mizizi zaidi. Machipukizi ya ziada hukatwa na kutupwa; hapo ndipo ninaposikitika, maana kwetu hiyo ni mboga nzuri ya kuunga kwa nazi. Boga likishika kasi huweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku moja, huku likibonyea kwa uzito wake lenyewe. Mkulima hulala akiogopa ufa: ukifika kwenye uwazi wa ndani, boga linaondolewa mashindanoni, hata liwe zito namna gani.

Usilitamani kwa futari, lakini. Limejaa maji na utamu wake ni hafifu. Wengine hulichonga mtumbwi: Windsor kulianzishwa mashindano ya kupiga kasia ndani ya maboga mwaka 1999. Na mwaka 2022 mzee mmoja wa Nebraska, Marekani, aliingia ndani ya boga alilolilima mwenyewe, la kilo 384 hivi, akateremka nalo mto Missouri kilomita 60, kwa karibu saa 11.