Jackie Groenen, Merveille Kanjinga na karatasi inayoitwa lisansi

Leo naacha kidogo mambo ya mbegu na udongo. Nataka kueleza safari ya mchezaji mmoja wa Uholanzi, Jackie Groenen. Sababu ni hii: Januari 2025 alianza kuvaa jezi moja na binti wa kwetu Kongo, Merveille Kanjinga, pale Paris Saint-Germain. Hapa Kasuku, Kanjinga anajulikana hata na watoto. Groenen wanamjua wachache sana, na si kwa bahati mbaya. Kanjinga ni mshambuliaji. Groenen anacheza katikati.

Mtu wa kati anafanya kazi isiyoonekana vizuri kwenye video ya dakika mbili. Anatazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, anaziba njia ya pasi ya adui, anarudi, anapanda tena. Siku asipokuwepo njo utajua alikuwa anafanya nini. Mshambuliaji ukimwona siku moja ya magoli matatu, umekwisha kumwona. Wa kati lazima umfuate mechi kumi, ishirini, na ujue mechi hizo zilichezwa na nani. Kwa hiyo kazi yake inategemea sana kitu kimoja kinachotukosa: mechi nyingi, za kila wiki, zilizoandikwa mahali fulani.

Groenen alizaliwa Tilburg tarehe 17 Desemba 1994, akakulia Poppel, kijiji cha Ubelgiji kilicho karibu kabisa na mpaka. Mpira aliuanza kwenye klabu ndogo za huko pamoja na dada yake mkubwa, Merel. Wakati uleule alikuwa anapigana judo, tena si kwa kujifurahisha, alikuwa bingwa wa taifa upande wa vijana. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, akavuka kwenda Ujerumani kuchezea SGS Essen. Muangalie ramani: kutoka kwao mpaka Essen ni safari ya saa chache kwa gari. Nchi tatu ziko pale mlangoni, kila moja na shampiona yake ya wanawake. Sisi tukivuka mto kwenda Alunguli, tunabaki paka Kindu.

Kutoka Essen akaenda Duisburg, klabu iliyoanguka kwa madeni akiwa humo, hata timu yake ya wanawake ikachukuliwa na klabu nyingine, MSV, mwanzoni mwa 2014. Nataja hilo juu ya wale wanaofikiri kwamba Ulaya kila kitu ni laini. Kisha Chelsea, na kuanzia 2015 Frankfurt. Miaka hiyohiyo alikuwa anasoma sheria katika chuo kikuu cha Tilburg. Ndiyo, mwenzetu wa chuo!

Kuko kipande kimoja cha historia yake ambacho mimi nakipenda kuliko makombe. Alitaka kuchezea Ubelgiji, nchi alimokulia. FIFA ikakataa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchezea vijana wa Uholanzi wakati hana uraia wa Ubelgiji. Karatasi zilizoandikwa alipokuwa mtoto njo ziliamua bendera yake ya utu uzima. Akaanza kuichezea timu kubwa ya Uholanzi mwaka 2016. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 2017, Uholanzi ikaifunga Denmark 4-2 pale Enschede na kuchukua kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019, nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Lyon, Sweden na Uholanzi zilikuwa 0-0 mpaka muda wa nyongeza. Dakika ya 99 Groenen akapiga kutoka mbali, chini, pembeni. 1-0. Fainali walishindwa na Marekani 2-0, lakini goli lile ndilo watu wanalokumbuka, kama vile hakufanya kitu kingine maishani. Mwaka uleule akaingia Manchester United, na 2022 akaenda Paris.

Sasa muhesabu. Kati ya Essen 2011 na timu ya taifa 2016 kuko miaka mitano ya mechi za kila wiki, katika nchi mbili, kabla jina lake kuwa kubwa.

Kanjinga alipita njia nyingine. Alitoka TP Mazembe ya Lubumbashi. Tarehe 23 Novemba 2024, pale El Jadida, Moroko, Mazembe ya wanawake, chini ya kocha Lamia Boumehdi, iliifunga AS FAR 1-0 ikawa bingwa wa Afrika. (AS FAR, klabu ileile ambayo wanaume wake walikuwa kundi moja na AS Maniema Union yetu msimu ule.) Haikupita hata miezi miwili na nusu, Kanjinga akasaini Paris. Nafurahi kabisa, lakini tazama ukubwa wa dirisha: mashindano ya wiki mbili, klabu nane, mara moja kwa mwaka. Mshambuliaji anaweza kupita kwenye dirisha kama hilo. Mtu wa kati, kwa maoni yangu, ni vigumu. Na feza pia inaonyesha: bingwa wa wanawake mwaka ule alipewa dola 600,000, na bingwa wa wanaume dola milioni 4.

Mutaniambia Kongo haina historia. Inayo. Mwaka 1998, pale Nigeria, wanawake wetu walikuwa wa tatu Afrika. Lakini waliporudi kwenye kombe hilo Julai 2025, baada ya kukosekana tangu 2012, walipoteza mechi zote tatu za kundi. Vipaji havikupotea kati ya 1998 na leo. Kilichokosekana ni mechi za katikati ya mwaka, mikoani, ambazo msichana wa miaka 14 anaweza kucheza bila kupanda treni ya kwenda Katanga, zaidi ya kilomita 1,000 za reli.

Hapo njo nafika kwenye lisansi. Sisi tukisema lisansi tunafikiria diploma. Kwenye mpira ni ile kadi ya mchezaji, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na klabu. Kazi yake ni kubwa kuliko kuingia uwanjani. FIFA ina kanuni ya mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka wa 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unahesabiwa 0.25% ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 unahesabiwa 0.5%. Tuseme binti wa Kasuku anauzwa kwa dola 100,000, na klabu yake ya kartie ilikuwa naye akiwa na miaka 13, 14, 15 na 16. Klabu ile inapata 250 mara tatu, na 500 juu yake: dola 1,250. Munajua mipira mingapi hiyo? Kwa wavulana kuko na malipo mengine ya fidia ya malezi, lakini kanuni inasema hayahusu wanawake. Kwa wasichana inabaki paka hiyo ya mshikamano, tena wengi wanahama mkataba umeisha, bila bei, na hapo hakuna cha kugawa.

Lakini hata hiyo ndogo haitoki kama binti hakuandikwa. Tangu Novemba 2022 FIFA inapitisha malipo hayo katika ofisi moja inayotazama pasi ya mchezaji kwenye kompyuta: alikuwa wapi, mwaka gani. Mwaka usioandikwa haupo. Ni kama shamba la majaribio ambalo mtu alisahau kupima mavuno: muhogo ulikuwa mkubwa, sawa, nani atakuamini?

Jumamosi ninasaidia ekipi moja ya wasichana hapa Kasuku, mimi ni wa daftari tu, si kocha. Kuko mmoja wa miaka 15, namba sita, ambaye anatazama nyuma ya bega bila kufundishwa na mtu. Mama yake aliniuliza: "Agronomu, huu mupira utamupeleka mutoto wangu wapi?" Nikamwambia, mama, sijui kama utamfikisha Paris, lakini asiache masomo, na tuanze na cheti cha kuzaliwa. Hana. Wengi wao hawana.

Sheria yetu inasema mtoto anaandikishwa bure ndani ya siku 90 za kuzaliwa. Zikipita, lazima hukumu ya tribunali, na hapo mzazi anayeuza mchicha sokoni anahesabu usafiri, karatasi, siku za kazi alizopoteza, anaacha. Binti anafika miaka 16, klabu ya Lubumbashi au ya Kinshasa inamwita, na anaondoka na tarehe ya kuzaliwa iliyobuniwa njiani. Groenen alizuiliwa na karatasi zilizokuwepo. Wetu wanazuiliwa na zisizokuwepo.

Kwa hiyo naomba wenzetu mliosoma sheria. Hukumu hizo zinaweza kuombwa kwa watoto wengi kwa pamoja, mkijua namna ya kuandika ombi. Mimi nina daftari lenye majina, tarehe za mechi na matokeo ya msimu huu wote. Atakayekuwa tayari aniandikie, nitamletea.